Mtoto Alale kwa Mama Yake

Siku yangu ya kwanza kazini, katika hospitali moja ya Bukoba, matroni alinipeleka chumba cha watoto kabla hata sijawaona akina mama. Vichanga walikuwa wamepangwa kwenye vitanda vidogo, wameogeshwa, wamefungwa vizuri, wanalia. Mtoto akizaliwa aliletwa pale, akapewa maji ya glukosi, yaani maji yenye sukari, kisha akangojea saa ya kupelekwa kunyonya. Nikauliza kwa nini wasilale na mama zao.

"Sista, umekuja kufanya kazi au kuuliza?"

Nilifanya kazi, lakini swali langu sikulitupa.

Baadaye nilihamishiwa Muleba, nikawa muuguzi kiongozi wa wodi ya wazazi. Huko nako chumba hicho kilikuwepo. Nilikuwa nimeshasomea unyonyeshaji, nikajua kwamba dang'a, yale maziwa ya kwanza ya manjano, ni kinga, na kwamba mtoto akizoea chuchu ya mpira huweza kulikataa titi. Nililisema hilo kila kikao hadi wenzangu wakaniita Mama Dang'a. Jina lenyewe nililipenda.

Ndipo akaletwa Kokugonza, mke wa mvuvi wa kisiwa cha Goziba, uchungu umekwama. Akafanyiwa upasuaji, na mtoto akapelekwa chumba cha watoto, akanyweshwa maziwa ya kopo kwa chupa. Nilipoingia zamu na kumleta kwa mama yake, aligeuza uso, akagoma kunyonya. Mama mkwe wa Kokugonza akanisihi kwa heshima ya Kihaya, "Waitu sista, huyu maziwa hana. Tutafutie kopo twende nalo."

Niliogopa. Kule kisiwani, kwenye kambi ya wavuvi, maji huchotwa ziwani, kuni ni za shida, na chupa isiyochemshwa huleta kuhara. Mtoto yule asiponyonya kabla ya kuruhusiwa, tungekuwa tumemtibu mama na kumpoteza mwanawe. Nikaenda kwa mganga mfawidhi, mkuu wetu wa hospitali.

"Sista, mama ametoka kwenye kisu. Mwache apumzike."

"Apumzike na mtoto kifuani, daktari."

"Na mtoto akipungua uzito?"

"Nitakuja kukuambia mwenyewe."

Akakubali shingo upande. Tulimlaza Kokugonza ubavu, mtoto asiguse kidonda, ngozi kwa ngozi. Nikamfundisha kukamua dang'a kwenye kikombe kidogo, tukamnywesha mtoto taratibu. Chupa nikaipiga marufuku. Mtoto alilia sana, na bibi yake akanitazama kama ninayemtesa mjukuu wake. Uzito ukapungua, nami nikaenda kusema. Mganga akasema, "Endelea." Nilirudi wodini, nikamsaidia Kokugonza kukamua tena.

Asubuhi moja mtoto alifungua mdomo wote, akashika titi, nikamsikia akimeza. Kokugonza alilia. Nami nililia, tena mbele ya wanafunzi.

Haukupita muda mrefu mganga akaagiza chumba kile kiwe stoo ya mashuka, na watoto wasio wagonjwa wakae na mama zao.

Sasa nimestaafu, naishi Rwamishenye, mjini Bukoba. Wauguzi vijana wakija nawaambia: mkausheni mtoto, mwekeni kifuani, mizani itasubiri. Wakilalamika kwamba wodi imejaa na mikono ni michache, nawaambia najua. Kisha nawasimulia siku nilipomsindikiza Kokugonza hadi getini. Mama mkwe wake alisimama, akageuka, nikadhani ataniuliza tena habari za kopo.

"Sista," alisema, "binti yangu naye karibu atajifungua. Utakuwepo?"

Nilikuwepo.