Tochi Niliyoimulikia Ndege ya Dawa

Nakumbuka siku moja, mwanangu, kuliko hata ile ya harusi yangu. Nilikuwa mke mpya hapa Magoma, miaka ile soko lilipofunguliwa na vitu vya nje vikamwagika mnadani Korogwe, hata mtu asijue anunue nini. Mimi nilinunua tochi ya leza, ndogo kama kidole, ya kuamia mpunga. Kweleakwelea, wale ndege wala nafaka, wakitua jioni nilikuwa nawamulika kwa ule mwanga mwekundu, nao wanaruka kundi zima. Mama mkwe alipiga debe kutwa kuwafukuza, mimi nimeketi tu nabonyeza! Nikajiona fundi.

Lakini kweleakwelea hawamalizwi kwa tochi. Kijiji kikaomba ndege ya kunyunyizia dawa. Ilipokuja, jua likizama, ilipita chini kabisa mpaka ardhi ikatetemeka, nikabaki mdomo wazi. Nikajiuliza, mwanga wangu utaifikia? Nikabonyeza.

Ndege iliyumba. Ikainuka ghafla, nusura iguse mlima, ikaenda zake na dawa yake. Mama mkwe akautazama mkono wangu.

"We mkwe, mle ndani mna mtu," alisema.

Nikaizima tochi, nikaifunga kwenye pindo la kanga.

Kesho yake alfajiri rubani alikuja na polisi. Nikasimama mwenyewe, nikakiri. Rubani hakunigombeza, ingawa macho yake yalikuwa bado mekundu. Aliniketisha garini, akaniambia niinamishe macho nisiutazame mwanga wenyewe, akachukua tochi yangu, akaenda hadi mwisho wa majaruba, akamulika kioo cha mbele. Loo! Uzi ule mwembamba ulipogusa kioo ulitanda wote, sikuona njia wala mlima. Sijapata kuogopa vile.

"Jana niliona hivyo hivyo," aliniambia aliporudi. "Nikavuta juu, nikamwachia Mungu."

Mahakamani Korogwe hakimu alinieleza kwamba kumulika ndege ni kuhatarisha maisha ya watu, ni kosa la jinai, na mtu anaweza kufungwa miaka. Nikalia kwamba sikujua. Akasema kutojua sheria si utetezi. Nilishangaa, mwanangu: serikali kubwa vile, na sheria yake inakijua hata kitufe nilichobonyeza kwa kidole gumba! Rubani mwenyewe ndiye aliyeniombea, nikapewa kifungo cha nje.

Ndege ilirudi siku ya nne. Mpunga ulishaliwa ukabaki mabua, wetu na wa majirani. Wote walinisamehe, lakini mwaka ule kila tonge nililokula lilikuwa na aibu.

Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Siku hizi mnauziwa leza kali kuliko yangu, zinafika mbali. Usiimulike ndege, hata kwa kucheza, wala dereva barabarani. Na ukimwona mwenzio anafanya hivyo, mnyang'anye, akasirike akipenda. Jela ni mbaya, nami niliponea chupuchupu. Kuua mtu usiyemjua hata sura ni kubaya zaidi, na hapo hakuna kifungo cha nje.

Mungu akupe mkono mtulivu, mwanangu, na wote walio angani jioni hii awashushe salama.