Matundu Manane

Saa nne asubuhi Felicitas alifika kwenye godauni la vigae, Vingunguti, akamkuta Mzee Shomari ameketi nje ya geti juu ya kipande cha boksi. Miaka kumi na moja mzee yule ndiye aliyekuwa akiwafungulia wengine geti hilo.

"Shikamoo, Mzee Shomari. Mbona uko nje?"

"Marahaba, mwanangu. Nimefukuzwa. Eti kila jioni mie naifunika kamera ya geti la nyuma kwa kanga ili wezi wapite."

"Kasema nani?"

"Erasmus. Kanisimamisha mbele ya wapakiaji wote. Mie, na mvi zote hizi!"

Damu ilimpanda Felicitas kichwani. Kamera zile alizifunga yeye, na ubovu wake alikuwa ameueleza kabla hazijafungwa.

Alikuwa fundi wa mitambo ya simu kwa miaka kumi na tisa, mpaka mwaka wa tisini na sita alipopunguzwa kazini na kukabidhiwa barua ya kurasa mbili. Wenzake walifungua vioski. Yeye alibeba bisibisi zake akaendelea na ufundi mitaani. Alipoletewa kamera ambazo waya mmoja hupeleka umeme na kurudisha picha, hakushangaa hata kidogo. Simu ya mezani nayo hulishwa kutoka mtamboni, kwa waya ule ule unaoleta sauti. Huko kwenye simu alifundishwa kwamba fundi haulizi vifaa viko vingapi tu. Huuliza kila kimoja kinakula umeme kiasi gani saa kinapokula sana, na hupima mwisho wa waya, si mwanzo.

Alimwandikia Erasmus, meneja wa godauni, kwa mkono wake: giza likianza kuingia kila kamera huwasha vijitaa vyake vya kuonea gizani na kula karibu mara tatu ya mchana, kwa hiyo linunuliwe boksi kubwa la umeme la kuzilisha zote. Erasmus akarudi kutoka Kariakoo na boksi dogo.

"Mama, hesabu mwenyewe. Boksi lina matundu manane, kamera nane. Msitukuzie mambo, nyie mafundi."

Felicitas akalifunga. Hilo ndilo lililomchoma zaidi asubuhi ile. Alijua, aliandika, kisha akaufunga mtambo alioujua kuwa ni wa uongo, kwa sababu alitaka kazi. Miaka ile ya soko huria watu wengi walijifunza kunyamaza hivyo, wakaita kunyamaza huko maisha.

Aliingia ofisini bila kubisha hodi. Erasmus alikuwa na Khalfani, mwenye godauni, mbele ya runinga yenye picha za kamera.

"Umemwona huyo mzee akifunika kamera?" Felicitas aliuliza.

"Picha inakufa kila jioni kwenye zamu yake," Erasmus alijibu. "Unataka ushahidi gani tena?"

"Nipe wapakiaji saba na magunia saba. Na Mzee Shomari aje asimame mbele ya kamera ya geti la nyuma. Hiyo asiiguse mtu."

Khalfani aliashiria kwa kichwa kwamba ruhusa imetolewa.

Wapakiaji walipanda ngazi wakicheka. "Kwani wamekufa hawa, mbona tunawavisha sanda?" mmoja alipiga kelele. Kwenye runinga Mzee Shomari alionekana vizuri, amenyoosha mikono yote miwili juu kama mateka.

Gunia la kwanza likafunika kamera ya kwanza. Kamera ikadhani jioni imeingia, ikawasha vijitaa. La pili, la tatu, la nne. Kwenye la tano picha ya geti ikaanza kutetemeka. La sita lilipofunika, Mzee Shomari akatoweka kwenye runinga.

"Mzee bado yupo!" wapakiaji walipaza sauti kutoka nyuma. "Mikono iko juu! Hana hata leso!"

Felicitas aliamuru gunia moja litolewe. Mzee akarudi kwenye picha.

"Geti la nyuma ndilo lenye waya mrefu kuliko yote," alisema. "Umeme ukipungua, linakufa la kwanza. Ulihesabu matundu, Erasmus. Mzigo wa umeme hukuusoma, na barua yangu hukuisoma."

Erasmus alikuna shingo. "Basi, ni hitilafu. Mzee arudi kazini, yaishe."

"Hayaishi! Ulimwita mwizi mbele ya watu, na mbele ya watu hao hao utamsafisha. Boksi kubwa sitalifunga mpaka nisikie."

"Fanya anavyosema," Khalfani alisema bila kugeuka.

Wapakiaji walikusanyika uani. Erasmus alisimama na karatasi aliyoiandika haraka haraka, akasoma kwamba uongozi umebaini upungufu wa kiufundi katika kifaa cha kulishia umeme, kwamba kifaa hicho kitabadilishwa, na kwamba mlinzi ataendelea na majukumu yake kama kawaida. Akaikunja.

Mzee Shomari hakuondoka.

"Habari za boksi nimezisikia, bwana meneja," alisema. "Sasa za kwangu ziko wapi?"

Erasmus aliikunjua karatasi, akaiweka kwenye mgongo wa mpakiaji mmoja, akaandika mstari mwingine. Alipousoma sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mzee Shomari si mwizi."

"Rudia," Felicitas alisema. "Wa nyuma hawajasikia."