Kumlinda Hemed Andalus

Niliondoka Matrah kwa sababu ya wivu, na sioni haya kuliandika hilo mwanzo kabisa, ili msomaji asije akadhani nilikwenda kutazama majumba ya wafalme. Majumba niliyatazama, na nitayaeleza. Lakini kilichonipandisha ndege mwaka ule wa 1970 ni mwanamke mmoja wa Malaga anayeitwa Consuelo. Sura yake nilikuwa siijui. Nilichokijua ni kwamba mume wangu Hemed kila akimtaja alikuwa akipunguza sauti.

Mimi na Hemed tulioana Unguja, na hatujakaa pamoja sana yakatokea ya 1964. Mimi, mama yangu na kaka yangu tulipakiwa melini tukaletwa Maskati, kwa jamaa wa marehemu baba. Hemed alitokea upande mwingine akaangukia Cairo, na kwa kuwa ruhusa ya kuingia Oman siku zile haikuwa ikipatikana kwa kila mtu, alihangaika mpaka akafika kusini ya Hispania, ile nchi ambayo mwalimu wetu wa chuoni alikuwa akiiita Andalus. Huko alikaa miaka mitatu, akifanya kazi katika nyumba ya wageni ya huyo Consuelo, mwanamke mjane. Miaka hiyohiyo mimi nilikuwa Matrah, ambako usiku lango la mji likifungwa, na ukitoka nje ya mlango wako lazima uwe na fanusi mkononi. Tulikuwa tukilala mapema, kwa kuwa hakukuwa na jengine la kufanya.

Ruhusa ya Hemed ilipatikana mwishowe, akaja, tukaanza upya kama maharusi. Kisha mwaka huo wa 1970 akatawala sultani mpya, mambo yakageuka. Malango yakaachwa wazi, fanusi zikawekwa kando, na serikali ikawa inawatafuta waliosoma. Hemed akaahidiwa kazi katika ofisi mpya. Hatujamaliza kufurahi, akapita msafiri na salamu kutoka Malaga: Consuelo kazi imemzidi, anamtaka Hemed arudi awe msimamizi wa nyumba, na mkewe aje naye, chumba kipo.

Hemed akasema twende tukaone, ndipo tuamue. Mimi nilikuwa nimeshaamua. Mama alinivuta pembeni akaniambia, "Nenda naye, mwanangu. Mume haachiwi kwenda kuamua peke yake kwenye nyumba ya mwanamke." Akanifungia halwa, kahawa na iliki yake, mrashi wa marashi ya waridi, chetezo kidogo cha udongo, na udi wake mzuri aliokuwa akiuficha hata sisi tusiujue ulipo.

Safari ilianzia Beit al Falaj, uwanja wa ndege ambao wakati ule ulikuwa kipande cha changarawe kati ya majabali. Tulipanda mpaka Bahrain, tukabadili, tukafika Beirut. Huko nililala hotelini na buibui langu nimelikunja chini ya mto, kwa sababu Hemed alishauri nivae koti na mtandio niwe kama wanawake wengine. Nilimuuliza wanawake wengine wepi. Akanishikia koti nivae. Asubuhi tukaruka kwenda Madrid, na kutoka Madrid tukapanda treni inayoteremka kusini. Njia nzima ni mizeituni, safu kwa safu, mpaka macho yakachoka. Kadiri tulivyoteremka ndivyo Hemed alivyochangamka. Alianza kunitajia majina ya vituo kabla treni haijasimama, na kila alipopatia roho ilinichoma, maana mtu hajui vituo vya njia asiyoipenda.

Malaga tulifika adhuhuri. Nilikuwa nimejitayarisha kukutana na mwanamke mrembo, nimchukie kwa raha zangu. Consuelo hakuwa mrembo. Alikuwa mtu mzima kunizidi, mnene kiasi, ana mkono wenye kovu la moto wa jikoni na kicheko kinachosikika mpaka barabarani. Hilo lilinitia hofu zaidi. Uzuri hupita, lakini mwanamke anayechekesha nyumba nzima utamshindaje? Alimbusu Hemed mashavu yote mawili mbele yangu, akanibusu na mimi, kisha akaleta kahawa. Yangu aliniuliza niitakavyo. Ya Hemed hakuuliza.

Lugha ya watu wale sikuijua hata neno, kwa hiyo mkalimani wangu alikuwa huyohuyo mume niliyekuja kumlinda. Consuelo akisema maneno mengi, Hemed alinitafsiria machache. Nilimuuliza mengine yamekwenda wapi. Akasema Kihispania kina maneno mengi kuliko lugha yetu. Mimi nimelelewa Unguja, nyumbani tukisema Kiswahili na Kiarabu mpaka usingizini, na hakuna mtu atakayenambia habari ya lugha kuwa na maneno machache.

Jioni ya kwanza nilidhani tutakula tulale. Kumbe wenyeji wa Malaga hawajali kitu kinachoitwa kulala. Wakati ambapo sisi kwetu tungekuwa tumeshasali Isha na kuzima taa, wao ndio kwanza wanavaa nguo nzuri. Watoto wadogo wako barabarani, mabibi wazee wameweka viti nje. Katika ua wa Consuelo, wenye michungwa na vigae vya rangi, watu walikusanyika, mmoja akachukua gitaa, mwengine akaimba kwa sauti ya kulia kama mtu aliyefiwa. Wengine wakapiga makofi. Makofi yale si ya kawaida. Yanapishana, yanasita, yanarudi mbio. Nilijaribu nikapotea mara moja. Hemed hakupotea. Alikuwa amekaa kando yangu, anamsikiliza mwimbaji wala hatazami mikono yake, na mikono ikienda sawasawa na ya wenyewe.

Nilimuuliza amejifunza lini. Akasema makofi hayafunzwi, ukikaa nayo yanakuingia. Basi nikahesabu moyoni nyusiku zote alizokaa nayo, na mimi wakati ule nikimpepea mama kwa pepeo la kuti mpaka apate usingizi. Nilijua kwamba Hemed hakuchagua kutengana nami, na kwamba alikuwa maskini, mgeni, hana kwao. Yote hayo nilijua. Wivu haukutaka kuyasikia.

Siku zilizofuata Consuelo alitupeleka Torremolinos, mji wa pwani uliojaa Wazungu wa kaskazini waliobabuka kwa jua. Usiku wake una taa za rangi, na muziki unatoka kila mlango. Kila tulikopita mtu alimwita Hemed kwa jina, wakalikata wakaliita Jamé, J yao ikitamkwa kama H yetu. Katika ukumbi mmoja tuliletewa glasi za maji ya limau, na kabla Hemed hajainua yake niliichukua nikaionja. Ilikuwa maji ya limau. Consuelo aliniona, akacheka mpaka akajifuta macho, akaionja na yeye, kwa hiyo tukawa tumemnywea glasi yake yote. Nilitaka kukasirika nikacheka. Hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote ya Torremolinos: nilikuwa naona raha. Nilikaa pale hewa ya bahari ikinipiga usoni, nikaelewa vizuri kabisa kwa nini mtu angetaka kubaki.

Granada tulikwenda kwa basi, milima ikiwa na theluji kwa mbali, kitu ambacho nilikuwa sijakiona katika umri wangu. Qasri ya Alhamra sitaisifu sana. Wametangulia kuisifu wanaojua. Nitasema hili tu. Consuelo alitutembeza kama mwenye nyumba, hapa bwawa, pale dari, mpaka tukafika kwenye ukuta ulioandikwa juu hadi chini. Nikasimama nikausoma kwa sauti. Wala ghaliba illa Allah, hapana mshindi ila Mungu. Consuelo aligeuka akanitazama, akamuuliza Hemed, na Hemed akamwambia kwamba nimesoma ukuta. Ikawa kila ukuta ananivuta mkono nimsomee. Tangu utoto wake anakuja pale na hakujua kwamba yale ni maneno. Alidhani ni maua. Siku hiyo nilitembea kifua mbele. Nilisoma hata pale ambapo herufi zilikuwa zimelika sizioni vizuri, kwa kuwa nani angenikosoa?

Kurtuba, mji mwingine wa Andalus tuliokwenda kwa treni, kwenye msikiti mkubwa ambao sasa ni kanisa, furaha hiyo ilinitoka. Nguzo zake ni msitu. Nilitaka kusali rakaa mbili tu, pembeni, na bawabu akanizuia kwa adabu. Consuelo alimfokea bawabu yule kwa niaba yangu, kwa sauti iliyojaza jengo zima. Haikusaidia kitu. Tulipotoka alinishika bega mpaka kwenye kituo cha treni, na mimi nilimwachia bega langu, ingawa nilikuwa sijamsamehe.

Tuliporudi Malaga zilikuwa zimebaki siku chache, na Hemed alikuwa hajasema neno. Nilipomuuliza alisema, "Bado nnafikiri." Usiku alikaa uani na makofi yake, mimi nikawa juu dirishani nikimhesabia. Kisha asubuhi moja Consuelo akatuma salamu kwamba alasiri atapanda chumbani kwetu kuchukua jibu.

Basi nikampokea kama anavyopokewa mgeni Matrah. Msomaji wa kwetu anajua mpango wetu: mgeni hupewa halwa, kisha kahawa, kisha hurashiwa marashi, na mwisho kabisa hupitishiwa udi. Udi ukishapita, mgeni huinuka akaaga. Hakuna anayeambiwa ondoka. Moshi ndio unaosema, na mwenye adabu hangoji kuambiwa mara mbili. Makaa niliyaomba kwenye jiko la Consuelo mwenyewe.

Alikuja amevaa vizuri, akakaa. Nikampa kipande kimoja cha halwa, kikombe kimoja cha kahawa. Alikuwa hajakiweka chini nikamrashia marashi, na kabla hayajakauka mikononi nikamletea chetezo kinafuka udi wa mama. Kwetu hiyo ingekuwa fedheha ya kutembea miji yote, mgeni kufukuzwa hajapoza midomo. Hemed alibadilika uso.

"Zuwena, unafanya nini?"

"Namkirimu mgeni."

Consuelo hakujua kitu. Alikishika chetezo kwa mikono miwili, akafumba macho akauvuta moshi ule, akautia kwenye nywele, akaupitisha chini ya mtandio wake, akauliza ni mti gani huu wa peponi. Akajiegemeza kitini, ametulia, mtu wa kukaa mpaka kesho.

Aliyesimama ni Hemed.

Alisimama wima, akakung'uta kanzu ambayo hakuwa ameivaa, akapiga hatua mbili kuelekea mlangoni. Consuelo akamuuliza anakwenda wapi. Hemed akatazama miguu yake, akatutazama sisi, akabaki amesimama vile. Kisha akamwambia maneno machache kwa Kihispania, polepole. Consuelo safari hii hakucheka, akakiweka chetezo chini taratibu.

"Umemwambia nini?" nikamuuliza.

"Nimemwambia kwetu udi ukishapita, mtu huenda kwao."

Consuelo hakugomba. Alikaa kidogo, akainuka, akanibusu mashavu yote mawili, na akamshika Hemed uso kwa mkono wake wenye kovu, muda mrefu kuliko nilivyopenda. Mlangoni aliuliza kama ningeweza kumwachia udi kidogo. Nilimwambia Hemed amjibu kwamba umekwisha. Ulikuwepo wa kutosha, na niliurudisha Matrah wote.

Kurudi kulikuwa kwa njia ileile, treni, Madrid, Beirut, Bahrain, na safari hii Hemed hakutaja jina la kituo hata kimoja. Beit al Falaj tulishuka joto likitupiga kama tumefunua sufuria. Wanawake wa mtaa wetu wakaja kunipa pole ya safari. Niliwasimulia michungwa inayoota barabarani bila mwenyewe, theluji, na kuta za Alhamra. Waliponiuliza usiku wa huko ukoje, nilisema watu hulala mapema. Sikutaka hata mmoja wao amuwaze mume wangu akipiga makofi yale.

Hemed alianza kazi ofisini. Jioni moja baada ya Isha aliniambia tukatembee, na tukatembea kando ya bahari ya Matrah bila fanusi, jambo ambalo mwaka uliotangulia lingetufikisha ngomeni, kifungoni. Watu walitukodolea macho. Nilikuwa nimelibeba swali langu tangu Malaga, nikalitua pale.

"Ulimpenda?"

"Nilimpenda. Miaka ile sikuwa na mtu."

"Sasa kwa nini ulirudi?"

"Wallahi Zuwena, sikuwa nimeamua. Ulipofukiza, miguu ilisimama yenyewe kabla yangu."

Nilimtangulia kwa hasira, na sikugeuka mpaka tulipofika kwenye mlango wetu. Muda wote nilimsikia nyuma yangu, haniiti wala habaki nyuma.

Mtu akiniuliza nimejifunza nini Andalus, ni hilo. Nilikwenda kuuleta moyo wa Hemed nyumbani, nikarudi na miguu yake. Wivu wangu haukupoa. Nikisikia watu wakipiga makofi harusini bado humtazama mikono. Lakini miguu nimeipokea, naifutia viatu, naiwekea maji ya kuogea ikitoka kazini. Moyo nao, siku ukiwa tayari, nyumba unaijua.