Dawa Iliyopitisha Muda

Leo kaka amefungua kabati la marehemu mama, akakuta roli ya filamu ambayo haijasafishwa na chupa ya dawa ya kusafishia picha. Akainusa, akakunja uso. "Hii imepitisha muda kitambo. Natupa vyote." Harufu ile ya sarafu zilizoloa ikanifikia mlangoni.

Nilikuwa mdogo, na studio ya picha ya mama ilikuwa mtaa wa Majengo. Siku moja mwanamke mfugaji alikuja kutoka kijiji cha Kaoze na filamu yenye picha pekee ya mwanawe, waliyetoka kumzika. Dawa yetu ilikuwa ya zamani, rangi imekolea kama chai ya rangi.

Mpigapicha wa jirani akachungulia. "Dada, soma tarehe. Ukiisafishia humo, umemzika mtoto mara ya pili."

"Tarehe wameandika wao huko kiwandani," mama akasema. "Mimi naiuliza dawa yenyewe."

Akakata kwa mkasi kipande cha filamu iliyokwisha kuharibiwa na mwanga, akanipa. "Chovya, mwanangu, uhesabu. Kikigeuka cheusi, dawa bado hai."

Nikafika hamsini, kipande bado kijivu. Jirani akacheka. Vidole vyangu vilikufa ganzi kwa baridi.

"Endelea," mama akasema.

Nilipofika mia na ishirini, kilikuwa cheusi kama sufuria ya kuni.

"Imechoka, haijafa. Filamu yake tutaikalisha humo mara mbili ya muda wa kawaida."

Picha ilitoka imefifia, ila macho ya mtoto yalikuwepo. Yule mfugaji aliishika kwa mikono miwili, akamwita mwanawe kwa jina.

Nilipozinduka leo, kaka alikuwa ameshafika uani na chupa na roli. Nimempokonya.

"Lete mkasi," nimemwambia.