Chaki Juu ya Mlango

Siku ya kwanza kazini nilipewa vitu vitatu: kanzu nyeupe, daftari na kipande cha chaki. Chaki ndiyo iliyokuwa kazi yenyewe. Nilikuwa mkaguzi wa nyumba wa misheni, upande wa Kisauni. Mzazi akitaka mwanawe abatizwe, nilikwenda kwanza kutazama anakolala. Pana dirisha? Wanyama wanalala nje? Nyumba ikifaa, nachora msalaba juu ya mlango. Bila msalaba, hakuna ubatizo.

"Usiwaonee haya," aliniambia Bibi Mkuu, msimamizi wetu Mzungu. "Nyumba chafu si nyumba ya Kikristo."

"Ndiyo, Bibi." Nilikuwa nimetoka sekondari, najua kila kitu.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Mama Kadzo, mchuuzi wa mihogo, aliyetaka mwanawe mchanga abatizwe. Nilichungulia nikiwa mlangoni. Ndani mlikuwa na mbuzi na wanawe wawili. Nikafunga daftari.

"Mwalimu, nje kuna fisi."

"Jenga zizi, mama."

"Kwa mikono ya nani? Hiyo yako laini?"

Nilicheka, nikaenda zangu.

Mwaka wa tatu wa kazi, mume wangu akiwa vitani, nilimzaa Yohana na maziwa yakanikauka. Nikarudi Utange kwa mama yangu. Mama akatafuta mbuzi wa maziwa, akamfunga kando ya kitanda kwa kuogopa fisi haohao. Yohana akanenepa. Kisha homa ikamshika, nikataka abatizwe upesi. Mkaguzi hajikagui mwenyewe, kwa hiyo Bibi Mkuu akaja.

Akasimama mlangoni, leso puani. "Mtoe mnyama huyo. Nitarudi wiki ijayo."

"Bibi, mtoto anachemka. Wiki ijayo ni mbali."

"Sheria hizi umezisimamia wewe."

Hilo lilinichoma, kwa kuwa ni kweli. "Na yule aliyelazwa katika hori la ng'ombe," nikamwuliza, "nyumba yake ungeichorea msalaba?"

"Chunga ulimi wako!"

"Nachunga mtoto."

Akaondoka. Mama yangu, ambaye kanisani hajawahi kuingia, akanikazia macho. "Mwanangu, unamtaka huyo mzungu au unamtaka Mungu? Maji si haya mtungini?"

Kazini tulifunzwa ubatizo wa dharura: mtoto akiwa hatarini, Mkristo yeyote aweza kummiminia maji na kumtajia Baba, Mwana na Roho Mtakatifu. Nikachota maji mtungini, nikammiminia. Nilipomaliza, mbuzi akalia.

"Amina hiyo," akasema mama.

Homa ilishuka siku ya tatu. Ya nne nikarudisha kanzu na daftari. Hivyo ndivyo nilivyostaafu, kabla ya kuota hata unywele mmoja mweupe. Chaki sikuirudisha. Nilikwenda nayo kwa Mama Kadzo.

"Nimekuja kuomba radhi, mama. Na kuchora."

"Umechelewa, mwalimu. Yule mtoto nilimzika. Kanisani hawakumwombea kwa kuwa hakubatizwa, kwa sababu yako."

Nyinyi wasichana mnaomaliza shule sasa, mtapewa chaki nanyi, na mtaambiwa kuwa ni kazi ya Mungu. Nami naandika haya kwa hasira, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ni juu yangu mwenyewe.

Mama Kadzo alimsogeza mbuzi kwa mguu, akavuta kigoda.

"Hiyo chaki itupe huko. Ingia, uketi."

Nikaitupa, nikaingia. Nilikagua nyumba za watu miaka mitatu. Hiyo ndiyo ya kwanza nilimoketi.