Ukitua, Nitahama

Mama alinipigia simu akasema nimkalishe ndugu yangu mdogo kwangu mtaani Umoja mpaka apate kazi nyingine. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu wangu alikuja na jembe lake mwenyewe, kompyuta kubwa yenye kijiti cha kuendeshea, akaiweka juu ya meza ninayokatia vitambaa. Mimi ni fundi wa nguo na chumba changu ni kimoja. Nikawa nakatia sare za shule kitandani, na kila nilipoharibu kipande nilikitazama kisogo chake nikatamani kukichapa kwa futi.

Mchezo wake ulikuwa wa anga. Unaendesha meli kati ya nyota, unabeba mizigo, halafu unatua nayo ndani ya kituo kinachoelea na kuzunguka bila kusimama. Kutwa alikuwa safarini. Sufuria ya ugali ilimshinda kuosha, lakini meli aliipaka rangi.

Jumapili moja nilitoka kanisani nikamkuta palepale, na mkasi wangu wa vitambaa ameukatia waya. Nikapandwa na hasira. Nikamwambia hiyo si kazi, hata mtoto angeiweza.

"Siz, hii huiwezi," akasema bila kugeuka. "Ukilandisha hii meli bila kuigonga, mimi nahama hii keja. Haki ya mama."

"Hata kesho yake?"

"Hata kesho yake. Lakini huwezi."

Nikaketi. Nilielekeza meli kwenye mlango wa kituo, nikaingia, ndipo nikabonyeza kitufe cha kuomba ruhusa. Ndivyo tunavyoishi kwenye ploti yetu ya vyumba vya kupanga: geti liko wazi, unaingia, unaruka mabeseni ya wanaofua koridoni, na hodi unaipiga mkono ukiwa umeshashika pazia. Anayebisha getini ni mtu wa kukata stima. Kituo hakikuwa na adabu za Umoja. Mizinga yake ilinigeukia na meli ikawaka moto. Ndugu yangu alicheka hadi akashika ukuta, kisha akatoka kwenda kuwasimulia majirani.

Nilimchukia, na sioni haya kusema hivyo. Wiki hiyo, kila mchana alipohamia kitandani na sahani yake, mimi nilikaa kwenye kiti chake. Nilijifunza kuomba ruhusa nikiwa bado mbali, kupunguza mwendo, na kuizungusha meli ili iende sambamba na kituo. Niligonga kuta. Niligonga meli za wenyewe. Yeye alitafuna na kusema, "Rudi kwa cherehani, siz."

Halafu siku moja nikapita mlangoni bila kugusa kitu. Kutafuna kukakoma nyuma yangu. Nilifika juu ya uwanja niliopewa, nikaanza kushuka, ardhi ya chuma ikipanda kunijia.

"Miguu, siz! Hujatoa miguu!" Alikuwa ameshasimama. "Bonyeza hapo. Sasa shuka pole. Pole. Hapo hapo."

Nikabonyeza. Meli ikatoa miguu, ikakaa.

Angefunga tu mdomo wake, meli ingevunjika na yeye angebaki kwangu, na sote wawili tulilijua hilo. Alikuwa anatabasamu, akiitazama meli. Nikamkasirikia kuliko siku ile ya mkasi. Tangu aingie kwangu hakuwahi kunisaidia hata kubeba ndoo, na msaada wake wa kwanza ulikuwa huu, ambao sikuuomba, ulioniharibia ushindi wangu.

"Kesho," nikamwambia.

"Sawa, siz. Kesho."

Sahani yake ilikuwa bado ina chakula. Nikainama chini ya meza nikaanza kuchomoa nyaya za kompyuta yake.