Siku Kumi na Nne za Baba Gati

Mimi nina mdomo, hilo simfichi mtu. Baba Gati, mume wangu Felisian Magesa, alikuwaga mtu wa kunyamaza. Uhuru ulimkuta Bunda, mtumishi wa mifugo, anasimamia josho la ng'ombe. Mwaka wa sitini na tano wakampa barua ya kazi ya kudumu, yenye pensheni. Aliipenda barua ile kuliko alivyonipenda mimi. "Mama Gati," alisemaga, "serikali haimtupi mtu."

Mwaka wa sabini na nne baba yake akafariki kijijini, upande wa Butiama. Kwetu mtoto mkubwa haondoki msibani kabla ya kunyolewa, na sisi tulinyoa siku ya nane. Aliporudi kazini akakuta amefukuzwa kwa utoro. Barua ilikuwa na sahihi ya mkubwa wake, bwana Alfonce. Chini iliandikwa kwamba asiyeridhika alalamike kwa bodi ya usuluhishi ndani ya siku kumi na nne.

Akachukua kalamu. Nikamkemea.

"Unamshitaki mtu wa hapa hapa kwa karatasi? Ugomvi unamalizwa kwa mbuzi, baba Gati. Weka hiyo kalamu."

Akaiweka. Tukachinja, wazee wakamwita Alfonce. Akaja, akala, akanawa na Felisian bakuli moja, akasema, "Yamekwisha, ndugu yangu." Kwetu aliyekula mbuzi ya suluhu harudii neno. Basi tukakaa tunangoja arudishwe kazini. Wiki ya tatu akaja mtumishi mpya na begi lake, anaulizia ufunguo wa nyumba ya serikali tuliyokuwa tunakaa.

Felisian akamfuata Alfonce ofisini. Wala Alfonce hakuwa mtu mbaya, ndicho kinachoniudhi mpaka leo. Alimwambia, "Mimi kama Alfonce nilishakusamehe. Lakini barua si yangu, ni ya ofisi."

Tukaenda mahakamani Musoma. Hakimu alikuwa mpole, akatusomea sheria taratibu kama mwalimu. Mtu akifukuzwa namna ile, mahakama hairuhusiwi hata kuuliza kama ameonewa. Hiyo ni kazi ya bodi, na bodi haimpokei aliyechelewa. Kumbe mlango ulikuwa mmoja tu, na ulifungwa sisi tukila nyama.

"Ndugu Magesa," hakimu akamuuliza, "siku zote hizo ulikuwa unafanya nini? Nani alikuambia usilalamike?"

Nilikuwa benchi la nyuma. Ningesimama niseme ni mimi. Sikusimama.

"Hakuna mtu, mheshimiwa," Felisian akajibu. "Nilijiamulia mwenyewe."

Shauri likatupwa. Tukahamia kijijini, akawa anapalilia pamba za watu, yeye aliyekuwa anaitwa bwana mifugo. Akaisha kidogo kidogo, mwaka wa nne nikamzika. Miaka yote ile hakunilaumu, hata siku alizokunywa pombe. Laiti angenitukana, hata mara moja.